Maswali ya Wasomaji: Radieta Inayosuasua

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa wasomaji walioko Uingereza, na karibu zote zina kilio kimoja: boila, mtambo unaopasha maji yanayozungushwa kwenye radieta za vyumbani, inawaka, gesi inaliwa, lakini chumba hakipati moto. Tumechagua zile zinazogusa hitilafu tofauti. Tumeongeza moja ya Ujerumani na moja ya Marekani, kwa kuwa mitambo ya huko ina mambo yake.

Kabla hujanunua chochote, washa mfumo, subiri nusu saa, halafu pitisha kiganja kwenye radieta kuanzia juu hadi chini, na kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi iko wapi? Ni juu, ni chini katikati, au ni radieta nzima? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kazi ya kufanya, na utaona hapa chini kwamba nusu ya walioandika walikuwa wanatibu ugonjwa usio wao.

Shikamooni wataalamu. Radieta ya chumba cha watoto, ghorofani, ina moto chini tu. Kuanzia katikati kwenda juu ni baridi kama ukuta, na usiku inaguguma kama mtungi unaojazwa maji. Niite fundi? (Mama wa watoto wawili, Leicester)

Marahaba mama. Fundi bado. Huo ni upepo uliojikusanya juu ya radieta na kuyazuia maji ya moto yasipande. Utautoa mwenyewe kwa dakika tano.

Zima mfumo wa kupasha joto, uache radieta ipoe hadi uweze kuishika bila kushtuka. Kuzima kuna sababu mbili: maji ya moto yanaunguza, na pampu inapozunguka inaweza kuvuta hewa ndani badala ya kuiacha itoke. Tafuta ufunguo wa radieta, kile kifaa kidogo chenye tundu la pembe nne kinachouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Radieta nyingine mpya zinakubali hata bisibisi bapa. Kwenye kona ya juu kuna skrubu ndogo. Weka tambara kavu chini yake na kikombe, kisha zungusha kinyume cha saa robo mzunguko, isizidi nusu. Utasikia hewa ikifyonya. Yataanza matone yaliyochanganyika na hewa, kisha maji mfululizo. Hapo funga, kwa kukaza kwa wastani tu. Skrubu isitoke yote, kwani kuirudisha huku maji yanaruka ni kazi ya watu wawili na taulo tatu.

Ukitoa hewa nyumba nzima, anza na radieta za chini umalizie za juu, maana hewa hupanda.

Kisha nenda kwenye geji ya boila. Hewa uliyotoa imeondoka na presha. Mfumo ukiwa baridi, sindano inatakiwa ikae kati ya bar 1 na 1.5. Ikiwa chini ya 1, tafuta mpira mfupi uliosukwa kwa nyuzi za chuma, mara nyingi uko chini ya boila, wenye valvu ndogo kila mwisho. Fungua zote mbili taratibu ukiitazama geji, ukifika kama 1.3 funga zote mbili. Wengi hufunga moja wakasahau ya pili. Presha inapanda polepole hadi 3, na valvu ya usalama inamwaga maji kwenye bomba la nje ya nyumba. Kama nyumba yako ni ya zamani yenye tangi dogo darini, hakuna geji wala mpira huo. Panda tu uhakikishe tangi lina maji na boya lake halijakwama.

Nimetoa upepo kama mlivyoshauri siku za nyuma, lakini kila baada ya wiki mbili unarudi, na geji inashuka. Nimechoka kujaza. (Msomaji, Coventry)

Acha kujaza kwanza, ndugu, kwa sababu kujaza ni sehemu ya tatizo. Maji mapya ya bomba huja na oksijeni, oksijeni inakula chuma, na chuma kinapoliwa hutoa haidrojeni, ambayo nayo hujikusanya juu ya radieta ukaiona ni "upepo". Gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo usikaribishe kiberiti wala sigara unapofungua skrubu.

Tafuta maji yanapotokea. Kagua kila valvu na kila kiungio kwa tishu kavu. Kiungio kinachovuja polepole mara nyingi hakina tone, kina ukoko mweupe au wa kijani, kwa sababu joto hukausha maji kabla hayajadondoka. Ukikosa kitu, andika presha kila asubuhi kabla mfumo haujawaka, na kila jioni ukiwa moto, kwa wiki nzima. Bandika karatasi hiyo kando ya boila. Kama ni 1.2 asubuhi na 1.6 jioni, hiyo ni kawaida. Ikiwa inapanda karibu na 3 jioni kisha asubuhi iko sifuri, hakuna haja ya kupekua sakafu: tangi la kutanukia limepoteza hewa yake. Hilo ni chombo chenye utando wa mpira ndani, upande mmoja maji na mwingine hewa, ili maji yakipata moto na kutanuka yapate pa kwenda. Hewa ikiisha, maji hukosa nafasi na kutokea kwenye valvu ya usalama. Toka nje uangalie bomba la shaba linalochungulia ukutani nyuma ya boila. Likilowa, umepata jibu. Kwenye boila za kombi, zile zinazopasha radieta na pia maji ya bomba, tangi hilo limo ndani ya kasha, kwa hiyo mwachie fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa Uingereza.

Radieta ya sebuleni ni kubwa, ya mabamba mawili. Juu na pembeni inaunguza, lakini chini katikati kuna kipande cha kama nusu mita hakipati moto kabisa. Nimetoa hewa mara tatu. Mara ya mwisho yalitoka maji meusi kama wino yakachafua zulia. Rafiki yangu anasema ninunue radieta mpya. (Msomaji, Northampton)

Usinunue. Hewa hukaa juu, nawe huko juu uko salama. Kinachotulia chini katikati ni tope.

Radieta nyingi za Uingereza ni za bati la chuma. Maji yanakula chuma hicho kidogo kidogo, na kwa kuwa ndani oksijeni ni haba, kutu inayozaliwa si ile nyekundu ya geti. Ni unga mweusi, mzito, laini kama masizi yaliyolowa, unaoitwa magnetaiti. Kinga maji hayo kwenye gilasi, yaache yatulie saa moja, kisha pitisha sumaku ya mlango wa friji nje ya gilasi. Ukiona unga unaifuata sumaku, ubishi umekwisha. Rangi nayo ina habari yake: nyeusi ni kutu ya ndani iliyojikusanya miaka mingi, maji yakiwa mekundu au ya kahawia, kuna mahali hewa safi inaingia, basi soma tena jibu la Coventry.

Kwa radieta moja iliyoziba, kuitoa ukutani na kuiosha nje ndiyo njia ya uhakika. Ni kazi ya asubuhi moja, ya watu wawili, kwa sababu radieta ya mabamba mawili yenye urefu wa mita moja ina uzito wa zaidi ya kilo 30 hata ikiwa haina maji, na ndani yake kuna lita 5 au 6 za hayo maji meusi ambayo zulia halitayasahau.

Zima mfumo, acha upoe. Upande mmoja kuna valvu yenye namba. Usiamini sifuri yake: kichwa chake kimetengenezwa kifungue chenyewe chumba kikipoa sana ili maji yasigande, na radieta ikiwa haipo maji yatamwagika sakafuni. Ng'oa kichwa, ufunge kwa kofia ya kukaza iliyokuja na valvu au inayouzwa peke yake. Upande wa pili kuna valvu yenye kifuniko cha plastiki. Toa kifuniko, funga kwa spana mwendo wa saa, ukihesabu mizunguko hadi iishe. Andika idadi hiyo ukutani kwa penseli, nyuma ya radieta. Bila hesabu hiyo utavuruga mgawanyo wa maji nyumba nzima, na tutakuja kuona maana yake kwenye barua inayofuata.

Tandika nailoni na taulo kuukuu, sogeza karai. Nati inayounganisha valvu na radieta ilegeze kwa spana mbili, moja ikizungusha nati na nyingine ikishika mwili wa valvu. Ukitumia moja utalipinda bomba la shaba, na hapo ndipo kazi ya asubuhi inapogeuka kuwa ya wiki. Maji yakianza kutoka kwenye karai, fungua skrubu ya hewa juu ili hewa iingie na maji yashuke; karai likijaa, kaza nati, mwaga, rudia. Yakiisha, legeza upande wa pili, inueni kwa pamoja kutoka kwenye vishikio, na igeuzeni haraka matundu yatazame juu. Daima hubaki kikombe kimoja cha tope zito ndani.

Nje, ingiza mpira wa maji kwenye tundu moja, fungua kwa nguvu, ukigonga bamba kwa nyundo ya mpira. Badilisha upande. Endelea hata kama unadhani yametakata, kwani tope la katikati hutoka mwisho kabisa, kwa mafungu. Usiache hadi maji yatoke meupe dakika mbili mfululizo kutoka pande zote.

Ukiisha kuirudisha ukutani na kukaza nati, usifungue valvu bado. Hii ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kutia dawa ya kuzuia kutu. Fungua kiziba kizima kinachobeba skrubu ya hewa, tia kipande cha mpira mwembamba na faneli, mimina chupa yote. Chupa ya kawaida inatosha nyumba yenye radieta kama 8 hadi 10. Soma lebo, na ikiwa nyumba ni kubwa weka ya pili. Rudisha kiziba, fungua valvu ya kifuniko kwa idadi ile ile uliyoandika, toa kofia urudishe kichwa, toa hewa, pandisha presha.

Ikiwa radieta tatu au zaidi zina baridi ya chini, kuosha moja moja ni kujichosha. Hapo tia dawa ya kusafishia kwenye mfumo, uache uzunguke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mwaga maji yote, suuza, ndipo utie ya kuzuia kutu. Au mwite fundi mwenye mashine ya kusafisha. Jambo moja ulijue kabla hujamlipa: nyumba nyingine za miaka ya 1970 na 1980 zimepitishwa mabomba membamba ya mm 8 au 10, na bomba kama hilo likiwa limeziba kabisa, mashine nayo huweza kushindwa. Muulize fundi atafanya nini ikiwa hivyo, kabla hajashusha vifaa vyake. Na mwambie akufungie chujio la sumaku kwenye bomba la kurudi, karibu na boila. Kwa maoni yetu hakuna kifaa cha bei hiyo kinacholinda boila kama hicho, mradi kifunguliwe na kuoshwa mara moja kwa mwaka.

Nyumba yangu ina radieta saba. Za sebuleni na koridoni zinachoma dakika chache tu baada ya kuwasha. Ya chumba cha mwisho juu haifiki popote, ni vuguvugu tu hata baada ya saa mbili. Haina upepo, haina tope, valvu iko namba 5. Fundi mmoja amesema boila ni dogo. Ni kweli? (Baba Halima, Milton Keynes)

Hatudhani, Baba Halima. Boila dogo lingezipoza zote. Yako inapasha vizuri, ila maji yanakwenda mahali pepesi.

Fikiria mfereji wa umwagiliaji: shamba la kwanza likiacha mlango wazi kabisa, la mwisho halipati kitu, hata mto ukijaa. Maji ya boila hutoka kwa bomba moja na kurudi kwa jingine, na kila radieta ni mlango kati ya mabomba hayo mawili. Mlango wa sebuleni uko karibu na uko wazi, kwa hiyo maji yanapita mbio, hayaachi joto lake, yanarudi kwenye boila yakiwa bado ya moto. Boila nalo linapopokea maji ya moto linadhani nyumba imetosheka, linapunguza au linazima. Chumba cha mwisho kinabaki na baridi yake. Dawa yake ni kusawazisha: kuibana milango ya karibu ili ya mbali ipate.

Kabla ya yote, tazama valvu ya kifuniko ya radieta hiyo ya mwisho. Mara nyingi fundi wa rangi aliifunga alipoitoa radieta, akasahau kuifungua yote. Kama iko wazi, endelea.

Unahitaji spana ndogo, kalamu, na vipimajoto viwili vya kubana bombani. Kipimajoto cha infraredi, kile cha kuelekeza bila kugusa, kinafaa pia, lakini bomba la shaba linalong'aa hukidanganya. Zungushia tepu nyeusi ya umeme mahali utakapopima. Chagua siku ya baridi. Usiku kuamkia siku hiyo mfumo uwe umezimwa.

Asubuhi, fungua kila kitu: vichwa vya namba vyote namba ya juu au vitolewe kabisa, valvu za kifuniko zote hadi mwisho. Washa. Tembea nyumba nzima ukigusa bomba la kila radieta na uandike ni ipi imepata moto kwanza, ya pili, hadi ya saba. Mtu wa pili ghorofani anasaidia sana, kwa sababu tofauti ni ya dakika chache. Ukimaliza, zima, acha zipoe.

Sasa nenda kwa ile ya kwanza. Funga valvu ya kifuniko kabisa, kisha ifungue robo mzunguko tu. Ndiyo, robo. Watu wengi hubana kutoka mizunguko minne hadi miwili wakashangaa hakuna kilichobadilika: valvu hii hufanya karibu kazi yake yote kwenye mzunguko wa kwanza kutoka ilipofungwa. Ya pili nayo robo, au zaidi kidogo. Za katikati nusu hadi robo tatu. Ya sita mzunguko mmoja na nusu. Ya mwisho iache wazi yote.

Washa tena, kwa boila la kombi la kisasa weka maji ya kwenda digrii kama 65 au 70, subiri robo saa, ndipo upime. Kwenye kila radieta pima bomba la kuingia na la kutoka. Kwa boila hizi unatafuta tofauti ya digrii 15 hadi 20. Kwa boila za zamani zisizofyonza joto la moshi, fundi husawazisha kwa digrii 11. Tuseme sebuleni maji yanaingia 68 yanatoka 63. Tofauti ni 5, yanapita mbio mno: bana kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko. Chumba fulani kinaingia 68 kinatoka 40. Tofauti ni 28, yanakwama: fungua kidogo. Baada ya kila badiliko subiri dakika 10 hadi 15, kwa sababu ukigusa moja, zote sita zilizobaki husogea. Hapa ndipo watu hukata tamaa. Kuzunguka mara tatu ni kawaida, na mzunguko wa tatu unakuwa wa marekebisho madogo tu.

Faida haiishii kwenye chumba cha mwisho. Boila za kisasa, ambazo England na Wales zilifanywa lazima kwa nyumba nyingi kuanzia 2005, hukamua joto la ziada kutoka kwenye mvuke wa moshi, lakini zinaweza hilo pale tu maji yanaporudi chini ya digrii 55 hivi. Sebule inayorudisha maji ya 63 inalinyima boila kazi hiyo kila siku, na wewe ndiye unayelipa bili.

Maji ya moto ya bomba na bafu hayana tatizo, ila radieta zote ni baridi, ghafla. Boila ni kombi. (Msomaji, Reading)

Anza na vitu vya bure: betri ya themostati ya ukutani, saa ya ratiba, presha. Hivyo vikiwa sawa, shuku valvu ya kugeuza iliyo ndani ya boila, inayoamua maji ya moto yaende bombani au kwenye radieta. Ikikwama upande wa bomba, unapata hasa hali unayoieleza. Kuifikia ni kufungua kasha la boila la gesi, na hiyo ni kazi ya fundi wa Gas Safe. Mwambie dalili hii kwenye simu ili aje na kipuri.

Oktoba hii nimewasha, radieta moja imekataa kabisa, zingine nzuri. Bomba la kuingia ni la moto hadi kwenye valvu, baada ya hapo baridi. (Msomaji, Berlin)

Umejipimia vizuri. Pini ya valvu imenasa. Ulifunga mwezi wa Mei, ikakaa imebanwa kiangazi chote.

Weka kichwa namba 5, legeza pete inayokishika, kitoe. Utaona pini ya chuma iliyochomoza milimita chache. Ibonyeze kwa kipande cha mti kigumu au mgongo wa spana. Inatakiwa izame na kurudi yenyewe. Ikiwa haitembei, nyunyizia tone la silikoni, gonga ubavu wa valvu polepole, bonyeza tena na tena. Usiivute kwa plaizi hata kidogo. Ikichomoka, maji ya mfumo mzima wa jengo yako sebuleni kwako. Kila kiangazi acha vichwa vyote wazi, namba 5, ili pini zipumzike.

Na kwa kuwa wengi wanauliza: namba 5 haipashi haraka kuliko 3. Namba ni kiwango cha joto ambapo valvu itafunga, na kwenye vichwa vya Ujerumani 3 ni kama digrii 20, kila namba ikiongeza takriban 4. Pazia likikifunika kichwa, kitapima joto la nyuma ya pazia na kufunga mapema.

Tunaishi jengo la zamani, radieta ni za chuma kizito, nusu yake haipati moto na usiku zinagonga kama nyundo. Nimetafuta skrubu ya kutolea upepo sikuiona. (Msomaji, Bronx, New York)

Hukuiona kwa sababu haipo, dada. Hizo ni radieta za mvuke, na ushauri wote wa juu haukuhusu. Kama bomba ni moja tu, mvuke unaingia na maji yanarudi kwa bomba hilo hilo. Hewa hutokea kwenye kidude cha chuma chenye umbo la risasi, ubavuni upande ulio mbali na valvu. Kikiziba kwa rangi au kutu, hewa inabaki ndani na mvuke haufiki mwisho.

Radieta ikiwa baridi kabisa, kifungue kwa mkono kinyume cha saa, ukipulize: kikiwa baridi lazima kipitishe hewa. Kisipopitisha, kichemshe kwenye siki, au ununue kipya chenye nyuzi za inchi 1/8 na ukifunge kikiwa wima, na tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi. Kisiguswe mvuke ukiwa unakuja, utaungua vibaya.

Kugonga ni maji yaliyotuama yanayopigwa na mvuke. Valvu ya sakafuni iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, kamwe isiwe nusu. Kisha weka pimamaji juu ya radieta: inatakiwa iinamie kidogo upande wa valvu. Kama sivyo, ingiza vibao vya kama robo inchi chini ya miguu ya upande wa pili.

Ukishafanya haya na bado ni baridi, kosa ni la mwenye jengo. Sheria ya jiji la New York inamtaka, kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, ahakikishe nyumba ina angalau digrii 68 za Farenhaiti kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku nje kukiwa chini ya 55, na usiku angalau 62. Malalamiko hupigwa 311.

Tumebadilishiwa boila, sasa tuna pampu ya joto. Radieta hazichomi tena, ni vuguvugu muda wote. Wametuibia? (Msomaji, Sheffield)

Hapana. Pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani, hufanya kazi kwa unafuu maji yakiwa digrii 45 hivi, si 70. Kiganja kinasema vuguvugu, lakini uliza kipimajoto cha chumba. Kikifika 20 au 21, mfumo uko sawa. Kilichobadilika ni nguvu ya bamba: radieta iliyoandikwa wati 1,500 kwa tofauti ya digrii 50 kati ya maji na chumba hutoa kama wati 600 tofauti ikiwa 25. Ndiyo maana fundi mzuri huweka radieta kubwa zaidi, na ndiyo maana mfumo huu uachwe ukifanya kazi kwa saa nyingi badala ya kuwashwa na kuzimwa. Kama chumba kimoja hakifiki 18, radieta yake ilipimwa ndogo, warudishe waliofunga. Ukitaka kusawazisha, tofauti inayolengwa hapa ni kama digrii 5, wala si 20.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba anasema radieta ni shauri langu. (Msomaji, London)

Kutoa upepo na kupandisha presha, fanya mwenyewe, ni haraka kuliko kubishana. Mengine si shauri lako. Kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985, kwa England, kinamtaka mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya kupasha joto na maji ya moto kwa mikataba ya chini ya miaka saba. Usizuie kodi. Mwandikie kwa barua pepe, utaje tarehe tatizo lilipoanza, uambatishe picha ya geji na ya kipimajoto cha chumba, na uhifadhi nakala. Akinyamaza, nenda kitengo cha afya ya mazingira cha halmashauri yako. Na muulize pia karatasi ya ukaguzi wa gesi: hufanywa kila mwaka, na nakala yake unatakiwa uipate ndani ya siku 28 tangu ukaguzi ufanyike.